Mama Amechagua Nyarugusu

Jumamosi, Ngokolo. Mawingu yamekusanyika tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Nimefika nyumbani jioni hii kutoka Geita. Mwili umechoka, lakini kilichochoka zaidi siwezi kukionyesha kwa kidole.

Kila mwaka shule zikifungwa, sisi watoto wa Mama tunakutana kwa siku chache. Kaka Masanja anatoka Kahama, mdogo wetu Shija anatoka Dodoma na watoto wake. Kazi ya kutafuta mahali pa kwenda na pa kulala huwa yangu, kwa sababu wanasema najua kubembeleza bei. Kuna mwaka tulilala kwenye hosteli ya kanisa, watoto wakatandikiwa magodoro sakafuni, na mpaka leo wanausifu mwaka huo.

Mwaka jana hatukukutana. Tulikuwa tumempoteza Kulwa.

Kulwa alikuwa pacha wangu. Yeye Kulwa, mimi Doto. Alikuwa akichimba dhahabu Nyarugusu, na siku moja duara likaporomoka, lile shimo refu wanaloshukia wachimbaji. Wenzake wawili walitolewa. Yeye hakupatikana. Tulikaa msiba bila jeneza, na watu waliokuja kutupa pole hawakujua waangalie wapi.

Safari hii Masanja alitangulia kuchagua. Alitaka Mwanza, hoteli iliyo karibu na ziwa, yenye bwawa la watoto. Shija akaandika kwenye kundi la familia kwamba hoteli hiyo hataiweza. Masanja akasema atamsaidia. Nikaona limekwisha. Nikaenda kumwuliza Mama, kwa heshima tu, nikijua atajibu popote ni sawa.

Alikuwa anachambua choroko. Hakuinua kichwa.

"Nipelekeni Nyarugusu," akasema. "Sijawahi kupaona."

Niliyaandika maneno hayo kwenye kundi kama alivyoyasema. Shija akakubali palepale. Masanja akajibu kwamba tunakutana ili watoto wafurahi, hatuendi kufungua msiba upya. Baada ya hapo akanyamaza kabisa. Nilimkasirikia. Nilidhani anaona aibu kumpeleka mke wake mahali pa vumbi.

Basi jana nikaenda kuangalia mwenyewe. Nililala Geita mjini, kwenye gesti iliyo nyuma ya stendi, safi, yenye uwanja wa kutosha watoto kucheza na bei ambayo hata Shija ataimudu. Leo asubuhi nikapanda gari la Nyarugusu.

Gesti ya kwanza niliyoingia kule ni ya mama mmoja anaitwa Mama Salome. Nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka, mayu," akaitikia vizuri, akaniuliza kama nimekuja kununua mawe. Nikamwambia natafuta vyumba, familia yetu inataka kukutana.

"Hapa?" akauliza. "Watu huja hapa kutafuta. Kukutana sijaona."

Nilipomweleza ya Kulwa, alinivutia kiti. Kisha akaniambia bila kuficha kwamba mashine ya kusaga mawe iliyo jirani hainyamazi mchana wala usiku, na mtu mzima kama Mama hatapata usingizi. Akaacha kazi zake, akanipeleka kwa Mzee Bundala, aliyekuwa akichimba pamoja na Kulwa.

Mzee Bundala alinitazama usoni kwa muda mrefu. Nimezoea. Watu waliomjua Kulwa huniangalia hivyo.

Tulitembea hadi sehemu iliyosawazishwa, wanawake wameweka meza za nyanya na dagaa. "Ni hapa," akasema. Akasogea kidogo. "Au hapa." Akaanza kuniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyelifukia shimo lile.

Hakuna msalaba. Hakuna hata jiwe. Mwanamke mmoja akanikaribisha nyanya, nikanunua, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nilimpigia Masanja nikiwa bado pale. Nilimwambia huenda alikuwa sahihi, hakuna cha kumwonyesha Mama.

"Doto," akasema, "waliponiuliza kama waendelee kumfukua, ni mimi niliyesema waache."

Nilikuwa najua alikwenda siku ile. Hilo sikulijua. Udongo ulikuwa bado unashuka, vijana waliokuwa wakichimba wangefia humo humo. Wakamwuliza yeye, kaka mkubwa. Akajibu. Tangu hapo hajamwambia mtu, hata mkewe. "Mama akisimama pale akaniuliza, nitamjibu nini? Usimwambie."

Nililia mbele ya wauza nyanya, na mmoja wao akanisogezea ndoo nikae.

Niliporudi Ngokolo, Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. Nilimweleza ya gesti ya Geita na yote ya Nyarugusu, isipokuwa hilo la Masanja. Nikamwambia hapaonekani kitu, pamekuwa soko.

"Watu wapo hapo kila siku?" akauliza.

"Wapo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Masanja hataki kuja."

Nikasema ana kazi nyingi.

"Mwambie abaki Geita na watoto. Nyarugusu asifike. Yeye alishakwenda kwa ajili yetu sote." Akaketi kizingitini. "Siku ile alirudi kucha zimeliwa na mawe, ng'wanawane, mwanangu. Mimi ndiye niliyemkanda mikono kwa maji ya moto. Unadhani sikujua alikuwa akifukua nini? Na kama waliacha, najua nani aliulizwa."

Siku hiyo aliporudi, mimi nilikuwa chumba cha pili, nimejifunika khanga, sioni mtu. Kumbe walikuwa wawili wamekaa na jambo moja, kila mmoja anamficha mwenzake.

Tutalala Geita, ile gesti ya nyuma ya stendi. Asubuhi moja Mama, Shija na mimi tutakwenda Nyarugusu, tukae pale kwa muda atakaotaka Mama, kisha turudi kula na wengine.

Nimejaribu kumwandikia Masanja maneno ya Mama. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Hayakai kwenye ujumbe. Nitamfuata Kahama kesho baada ya ibada, nimwambie ana kwa ana.