Usizitie Pamba Springi

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Kariobangi tu wazima. Nyanya yako anakusalimu. Ananiambia nikae, lakini naandika nikiinuka-inuka, maana fundi wa vyuma nyuma ya ukuta hajanyamaza tangu asubuhi.

Unauliza mbona amplifaya yangu inanguruma ukifungulia mwangwi, na unirudishie lini. La pili nipe muda.

Zile springi za ndani, zinazotoa mwangwi, usizitoe. Kwenye harusi moja Makadara, Musyoka, mpiga besi wetu, alizishindilia pamba ili ngurumo iishe. Mwangwi ukafa, gitaa likawa kama limefunikwa blanketi, na ngurumo ikabaki palepale. Bibi harusi alikuwa ameshafika getini. Nikachomoa waya wa stima, nikakigeuza kisanduku cha springi. Kumbe upande wake unaopokea sauti ulikuwa umelala ubavuni mwa transfoma ya umeme, ukiidaka ngurumo yake. Tulipowasha, ngurumo ilipungua na mwangwi ukarudi.

Mwite fundi wa umeme akugeuzie kisanduku hicho, amplifaya ikiwa imechomolewa.

Nyanya yako amechoka nami. Amekibeba kiti changu hadi dirisha la mbele, mbali na ule ukuta. Fundi bado anagonga, ila nimeketi.

Usiirudishe. Ni yako.

Babu yako