Shukrani ya Zakaria

Jumamosi, 3 Mei

Jumuiya leo ilikuwa kwetu. Nimeamka na ukungu, nikachemsha viazi vitamu, nikaazima mabenchi. Mimi ndiye kiongozi, kwa hiyo sala ya kufunga ni yangu. Nimesali. Wamesema nimesali vizuri sana. Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe, kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Hakuna aliyegundua.

Mama Upendo hakuja. Hajaja kwenye jumuiya tangu tumzike binti yake.

Baada ya chai mume wangu, Zakaria, akasimama akatangaza. Jumapili ya tarehe 18 tunatoa shukrani kanisani, Mungu kamponya. Sauti yake haijarudi vizuri tangu augue mapafu, kwa hiyo atakayeshuhudia ni mimi. Vigelegele. Mimi sikuulizwa.

Jumapili, 4 Mei

Mahubiri sikuyasikia. Mama Upendo alikaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya baraka.

Niandike wazi, labda nitatulia. Zakaria na Upendo walilazwa wiki moja, hospitali moja, ugonjwa uleule. Yeye wodi ya wanaume, mtoto wodi ya watoto. Mchungaji alipita jioni moja, akawawekea mikono wote wawili, kwa maneno yaleyale. Mimi na Mama Upendo tulipiga magoti pamoja kwenye baraza ya hospitali, tumeshikana mikono. Zakaria akarudi kwa miguu yake. Upendo akarudi amefunikwa shuka. Darasa la pili.

Na mimi nisimame niseme Mungu anasikia maombi. Ya nani?

Jumanne, 6 Mei

Siwezi kukaa. Nimepalilia karoti, nikarudia tuta ambalo nilishalipalilia. Nikashuka mtoni bila ndoo.

Njiani nikakutana na Mama Upendo, mzigo wa majani kichwani. Yeye ndiye aliyetangulia kunisalimu, kwa Kishambaa chetu: Onga makeo. Nikaitikia. Nikamuuliza habari za ng'ombe. Ng'ombe! Nimejichukia njia nzima.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda kwa mchungaji. Kijana mpole, bado ananiamkia shikamoo. Nikamwambia nimeishiwa imani. Akatabasamu, akasema hata watumishi hupita hapo, Mungu ana makusudi yake. Makusudi gani kwa mtoto wa darasa la pili? Akasema nimsome Ayubu.

Nikamwambia, "Ayubu alipata watoto wengine, mchungaji. Mama Upendo alishatolewa kizazi."

Akaangalia kikombe chake. Halafu akasema, "Sijui, mama."

Angeanza na hilo ningemheshimu zaidi. Lakini nimerudi nyumbani na hasira zilezile, na mvua imeninyeshea.

Jumatatu, 12 Mei

Zakaria ameshachagua kondoo. Amechagua hata kitenge nitakachovaa. Nikamwambia sisemi kitu kanisani. Tumegombana mpaka kikohozi kikamshika.

"Kwa hiyo ulitaka nife?"

Imeniuma. Kwa sababu akikohoa tu mimi hutupa kilichopo mkononi nikakimbia. Nimefurahi yu hai. Nimefurahi mno, ndiyo aibu yenyewe. Nikimwona anaota jua pale mlangoni nataka kumshukuru mtu. Kisha namkumbuka Mama Upendo, nyumba ya pili, anayepika chakula cha mtu mmoja. Mumewe yuko Mombo, anauza mboga barabarani, hata hapandi tena huku juu.

Siwezi kushukuru. Siwezi kutokushukuru. Nitapasuka.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefua, nimepiga pasi, nimesugua sufuria zilizokuwa safi. Nimetunga maneno mafupi ya kesho, ya kawaida, yasiyomuudhi mtu.

Na leo nimesali kwa moyo, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nimesali Mama Upendo asije kesho. Ndiyo sala niliyobakiwa nayo.

Jumapili, 18 Mei

Amekuja.

Kwetu familia ikitajwa, watu huinuka kuisindikiza mbele kwa wimbo. Nilikuwa nimeinama nikihangaika na kikapu cha kabichi. Mshikio wa pili ukainuliwa. Nikadhani Zakaria, kumbe yuko mbele na kondoo wake. Alikuwa Mama Upendo. Alikuwa wa kwanza kusimama, nimeambiwa baadaye. Tumebeba pamoja hadi madhabahuni. Hakuimba. Wala mimi.

Nikapewa kipaza sauti. Yale maneno mafupi yakapotea yote. Nikasema: Mume wangu amepona. Upendo hakupona. Tuliwaombea wote wawili. Nashukuru, na sielewi.

Kondoo peke yake ndiye aliyelia. Mchungaji akasema amina, taratibu, akaketi. Zakaria hakuniangalia.

Nje, mnada wa sadaka umeshaanza, Mama Upendo akanivuta kando. Nilidhani atanitukana, na ningekubali.

"Tangu tumzike, leo ndiyo mara ya kwanza jina lake kutajwa humo ndani."

Akanifunga kanga iliyolegea begani, akaenda zake.

Jumatano, 21 Mei

Zakaria amenuna. Anakula, anashukuru chakula, basi. Mzee mmoja wa kanisa kaja kuniambia nimemwaibisha Mungu. Nikamkaribisha chai. Wengine wakiniona sokoni wanageukia mafungu ya nyanya.

Imani haijarudi. Nimeitafuta, sikuikuta. Ila usiku nimelala.

Jumamosi, 24 Mei

Mama Upendo ametuma salamu mwenyewe: jumuiya ije kwake. Wamekuja karibu wote. Zakaria alibeba benchi begani mpaka pale, akikohoa, hakutaka nimpokee. Akaliweka chini ya picha ya Upendo aliyevaa sare ya shule.

Sala ya kufunga yangu. Nikafumba macho, hakuna kilichokuja. Mdomo nao safari hii ukakataa kwenda wenyewe. Tukakaa. Mtu akakohoa, nikamjua. Hakuna aliyeniharakisha.

Nilikuwa na "kama upo" ulimini. Sikuisema. Nikasema, "Mungu, tuko hapa, kwa Mama Upendo."

Amina ya kwanza ilikuwa ya Zakaria, kwa sauti yake iliyokauka. Ya mwenye nyumba ikafuata. Kisha akaniita jikoni nimsaidie kuepua viazi.