Ile Kona ya Mwakitolyo

Baba,

Leo sikuandikii kwa wema. Tangu tukuzike, watu wanapita hapa nyumbani Ngokolo wanakusifu, na mimi kama mtoto wako wa kwanza nawaitikia, "Asanteni, kweli alikuwa mtu wa haki." Nimeitikia mpaka mdomo umechoka. Mimi na wewe tunajua haki hiyo ilikuwa inaishia wapi.

Ilikuwa inaishia mlangoni kwetu. Fundi baiskeli mzima, watu wanakuletea baiskeli kutoka kata ya tatu, na baiskeli ya mama ilikaa bila breki mavuno hadi mavuno. Alikuwa anasimama kwa kuburuza miguu, kandambili zikatoboka visigino. Mteja akija, hata wa kujaza upepo tu, anatangulia. Sisi ulituambia, "Subiri, ng'wanawane, mwanangu, wewe ni wa nyumbani." Watu walicheka kwamba kinyozi hajinyoi, nawe ukacheka nao. Mama hakucheka, lakini hukumwangalia.

Uwanjani ilikuwa hivyo hivyo, ila huko iliniuma mimi peke yangu. Mtu wa mbali angeshangaa kusikia refa anachezesha mechi ya mwanawe. Huku hakuna aliyeshangaa. Timu pinzani zilikuwa zinakuomba wewe hasa zikikutana na sisi, maana zilishajua kwamba Baba Shija akishika filimbi, Shija hapewi kitu. Wanasema damu nzito kuliko maji. Kwako ilikuwa nyepesi, na ulijivunia hivyo.

Hujawahi kudaka mpira wa kona, Baba. Kipa akiruka, mikono yote iko juu na mbavu ziko wazi. Mmoja anamkanyaga mguu asiruke, mwingine anamshika jezi kwa nyuma, wa tatu anampa mgongo amzibie njia. Refa anayetazama mpira tu haoni kitu. Wewe ulikuwa unaona. Kwa makipa wengine ulikuwa unaona hata kucha. Mtu akimsogelea Maganga, yule mchimbaji wa dhahabu anayedakia Mwakitolyo, filimbi ilishalia kabla mpira haujashuka.

Nadhani unajua ninakokwenda. Ile fainali ya kugombea dume la ng'ombe, miaka mitatu iliyopita, kule kwao Mwakitolyo, vumbi la makarasha ya kusaga mawe limetanda mpaka magolini. Kipindi cha kwanza beki wetu alimgusa Maganga kwa kifua, kugusa tu, tukafunga, ukakataa goli. Nikasema sawa, leo refa analinda makipa, na mimi ni kipa. Mjinga mimi. Kipindi cha pili wakapata kona. Nilitoka, nikauona mpira, vidole vikaufikia. Mtu akanivuta jezi, mwingine akanipiga kiwiko begani nikiwa hewani. Nilianguka chini na bega limeteguka, mpira uko wavuni, na nilipoinua macho ulikuwa hatua tano kutoka kwangu. Tulitazamana. Kisha ukanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Goli.

Jumatatu ile nilitakiwa kwenda kufanya majaribio na timu ya mkoa. Ulijua. Ndiwe uliyenipigia pasi fulana ya kwendea. Sikwenda, na hawakuniita tena, na leo naendesha bajaji kwa bega ambalo halinyanyui mkono juu ya sikio.

Tulirudi kwenye gari moja, wewe mbele, mimi nyuma nimefungwa mkono kwa kanga ya mtu. Mpaka tunafika nyumbani hukugeuka. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama, "Ningepuliza wangesema nimembeba mwanangu." Mama alikujibu, "Na sasa wanasemaje?" Ukaenda kunawa mikono. Kwangu hukusema neno, si siku ile, si mwaka uliofuata, si hata presha ilipokulaza nikawa nakulisha uji kwa mkono huu mmoja mzima. Nilikuwa nangoja, Baba. Kila kijiko nilikuwa nangoja.

Halafu ukafa. Nilikasirika kuliko nilivyolia, na sioni aibu kukuambia.

Unajua nani alikuja kuchimba kaburi lako? Maganga. Alikuja na wenzake wanne wa kwenye duara lao, lile shimo la dhahabu, watu ambao kazi yao ni kushuka ardhini kila siku, wakawapokea majembe vijana wa mtaa na kumaliza kabla chai haijachemka. Alipotoka shimoni akanishika mkono, mikono yake imejaa udongo wako, akasema, "Pole, kaka. Mzee alitulinda sana sisi makipa." Sisi makipa. Nilitamani kumrudisha humo shimoni. Nikasema asante.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Tulipoanua matanga nilirudi golini, na Jumapili iliyopita tulicheza fainali na hao hao Mwakitolyo, safari hii hapa Ngokolo. Alichezesha Neema, yule mwalimu wa shule ya msingi uliyemfundisha kushika kibendera. Tunaongoza moja bila, dakika zimekwisha, wakapata kona. Maganga akaacha goli lake akaja kusimama mbele yangu. Mpira ukaja, nikatoka, nikaruka. Bega likakataa. Mkono ulifika pale unapofikaga siku hizi, mpira ukapita juu yake, Maganga akaupiga kichwa ukaingia.

Hakunigusa, Baba. Hata jezi. Nilianguka kwa sababu nilijua nimekosea, nikashika bega na kujikunja. Neema akapuliza. Goli limekataliwa, mpira umekwisha, watu wetu wameingia uwanjani wananibeba juu juu.

Maganga alinifuata akaniuliza taratibu, "Shija, nimekugusa wapi?" Mtu aliyechimba kaburi la baba yangu ananiuliza swali, nikageuza uso. Neema naye akanipitia, akaniambia, "Pole. Nilikufikiria sana na msiba wako." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikupewa faulo, nilipewa rambirambi. Miaka yote nimekuwa nikiitaka filimbi ile, na nimeipata siku ambayo haikuwa yangu.

Dume tumelichinja. Nimekula, sitakudanganya. Mama alinipakulia, akanitazama nikitafuna, akauliza, "Umeumia tena bega?" Nikamwambia hapana. Akaendelea kunitazama mpaka nikasukuma sahani. Hajaniuliza tena, na hilo ni baya zaidi.

Na usifurahi huko uliko. Najua ungesimama pale ungenyoosha mkono katikati, na safari hiyo ungekuwa sahihi. Ndicho kinachonichoma. Wewe uliogopa watu watasema umenibeba, Neema akaona vibaya kumnyima mfiwa, na wote wawili mlikuwa mnatazama watu badala ya kutazama kona. Ukiniuliza, mmefanana. Tofauti ni kwamba yeye alinionea huruma na wewe ulinitoa sadaka ili jina lako libaki safi.

Mimi nilifanya vibaya kuliko yeye, nakubali. Siku tatu sijalala vizuri. Nikipita na bajaji pale stendi nikasikia watu wa Mwakitolyo wanaongea, nafikiri wananiongelea mimi. Nimejikuta nakaa kimya kama ulivyokuwa unakaa, na kunawa mikono kama ulivyokuwa unanawa. Nimechukia kujiona hivyo kuliko nilivyokuchukia wewe.

Kwa hiyo Jumamosi nakwenda Mwakitolyo. Sitampigia simu. Nitamngoja Maganga pale kwenye duara lao mpaka watoke wote, na mbele ya wenzake walewale waliokuzika nitamwambia hakunigusa. Wakitaka kunipiga, wanipige. Wakitaka mechi irudiwe, nitadaka. Kisha nitamfuata Neema nimwambie asinipulizie tena kwa ajili yako.

Mama hajambo. Baiskeli yake nimeipeleka kwa fundi mwingine, imepata breki zote mbili. Kaburi tutalijengea mvua zikiisha, nitakuja mwenyewe kubeba mawe kwa mkono unaokubali. Pumzika, Baba. Nilikupenda, na bado nimekukasirikia, na sijui kama yatakuja kuachana.

Langu nitalisema kwa sababu bado niko hai. Lako hukulisema ulipokuwa na mdomo, kwa hiyo nalisema mimi, mwanao, hapa kwenye karatasi: yale yalikuwa madhambi, Baba. Ulikuwa hatua tano. Uliona.

Shija