Hamsini na Nane kwa Mia

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Posta ya Zamani.
Tarehe 11 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale mapacha, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Ukituulizia sisi, hatujambo. Magoti yangu hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini hayajanizuia. Wifi yako ana kikohozi kidogo alichokitoa kwenye upepo wa bahari, nacho kinapungua.

Uliandika mwezi uliopita ukilalamika kwamba nimekuwa kimya. Una haki. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa safarini. Watoto, wale wanaokuita shangazi, walituandalia zawadi ya kustaafu kwangu: siku sita za kutembelea miji ya kale ya pwani kwa basi dogo la kampuni ya utalii. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikuta wifi yako ameshafunga mabegi, nami sikuona sababu ya kumfungulisha.

Unajua kwamba nimefundisha historia na jiografia miaka thelathini na minne. Pwani ile nimewachorea watoto ubaoni kwa chaki, kila rasi na kila ghuba, wala sikuwahi kuikanyaga. Nilikuwa kama mtu anayesifu chumvi ambayo hajaionja.

Abiria tulikuwa kumi na wawili, wawili kwa kila chumba. Kiti cha jirani kilikuwa cha fundi saa na mkewe. Ni mtu mcheshi sana, na alichelewa kila asubuhi. Nilimwuliza inakuwaje fundi saa akachelewa. Akanijibu kwamba daktari naye huugua. Mwongozaji wetu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye kipaza sauti kilichokoroma zaidi ya kusema. Abiria wakampachika jina la Kipaza, akaliitikia bila kununa.

Mji wa kwanza ningependa uuone kwa macho yako. Njia zake ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye miavuli hawapishani mpaka mmoja akunje wake. Milango ya nyumba iko chini ya usawa wa njia kwa vidato viwili au vitatu, kwa kuwa kila kizazi kilitandaza mawe mapya juu ya yale ya zamani. Kwa hiyo mtu wa huko hushuka anapoingia kwake na hupanda anapotoka. Wifi yako alisema ndiyo maana wanaume wa mji ule hawapendi kutoka.

Tuliingia katika karakana ya mfua shaba. Alikuwa amekaa juu ya gogo, anagonga sinia kwa nyundo ndogo, wala hakuinua kichwa. Alisema tu, "Karibuni, tazameni mtakavyo, ila za kushoto msiziguse, bado zina hasira." Fundi saa akagusa moja ya kushoto. Kidole chake kilifungwa kitambaa mpaka mwisho wa safari, na hakuna aliyempa pole.

Katika mji wa pili tulipelekwa kwenye gati la zamani. Ni ukuta mrefu wa mawe ya kijivu, na mawe yenyewe yamechimbika mifereji laini, upana wa kidole gumba, iliyochimbwa na kamba za majahazi kwa miaka mingi. Nilitazama nikaona jambo lisiloingia akilini. Mifereji mingine ilikuwa juu sana, ambako kamba isingefika, na mingine ililala ubavu. Nikamwuliza Kipaza sababu. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, akasema kwenye kile kipaza chake, mbele ya watu wote, "Sijui, Mwalimu."

Sikupendezwa. Mtu aliyeajiriwa kueleza ukuta hana budi kuujua ukuta.

Kesho yake wakati wa chai ya asubuhi alikuja mezani kwetu, viatu vyake vimejaa vumbi jeupe. Alikuwa amerudi gatini alfajiri akamtafuta mwashi mmoja mzee anayekarabati ukuta ule. Mwashi alimweleza kwamba gati la kwanza lilibomolewa na dhoruba, na mawe yake yakaokotwa na kujengewa hili la pili, kila jiwe mahali lilipoenea. Ndiyo maana mifereji imekaa shaghalabaghala. Nilimshukuru, nikaendelea na yai langu. Moyoni nilisema kwamba swali la jana lilipaswa kujibiwa jana.

Siku ya nne haikuwa ya miji. Tulikwenda kwenye majabali ambako bahari imetoboa mwamba chini, na kila wimbi likiingia maji hufyatuka juu kwa tundu kama chemchemi. Kipaza alituonya tusimame nyuma ya kamba. Wifi yako alisimama mbele ya kamba. Alilowa kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatuni, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi ya mtoto wetu wa kwanza. Kipaza alivua sweta lake akamvisha, kisha akashinda na blauzi siku nzima katika upepo ule.

Alasiri tulipanda mnara wa taa. Kijitabu chao kilisema una vidato mia moja na arobaini. Nilihesabu mia moja arobaini na vitatu, nikamweleza Kipaza, naye akaandika. Kule juu nilishika ukingo wa chuma nikaiona pwani yote imelala chini yangu, mchanga mweupe, kisha maji ya kijani, kisha ya buluu nzito, na rasi tatu zikifuatana kama nilivyozifundisha. Ila ghuba ya pili, ambayo miaka yote nilikuwa nikiichora kama sikio, kumbe ina umbo la kiatu. Nimewaza wanafunzi wote walioichora kama sikio nikawapa vyema.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Asubuhi ya mwisho tulikuta bahasha juu ya meza ya chumbani. Ndani mlikuwa na fomu mbili, moja kwa kila mgeni, zikituomba tumpe mwongozaji alama kwa mia. Wifi yako alichukua yake akaifungia kombe alizookota ufukweni. Mimi nilikaa kitandani nikatoa kalamu nyekundu, nikaifanya kazi ile kama inavyopasa. Nilimkata alama kumi kwa lile "sijui". Nilimkata kwa kipaza ambacho hakukijaribu kabla ya safari, kwa tarehe mbili alizozichanganya, kwa kuchelewa kuondoka, na kwa mengine madogo. Nikajumlisha mara mbili. Ikawa hamsini na nane. Nikaridhika, nikatia sahihi.

Wewe unajua uzito wa alama hiyo. Mwanafunzi wangu aliyewapita wote, yule anayejenga madaraja, alipata hamsini na tisa. Mwanangu mwenyewe alipata hamsini na tatu. Wewe ulipata hamsini na moja, ukalia mchana kutwa. Nilimweka binti yule karibu kabisa na kilele, na nilitazamia kwamba akiiona atafurahi.

Safari iliishia kwenye ofisi ya kampuni, chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, kalenda na feni. Tulikuwa tukingoja mabegi yashushwe. Msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa akifungua bahasha moja moja na kuandika daftarini. Chumba cha kwanza, tisini na tano. Cha pili, mia. Fundi saa alikuwa ameandika mia na kumi, akaelezwa kwamba haiwezekani, akasema basi hizo kumi zihesabiwe za dereva. Kisha akafungua yetu. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee wangu," alisema, "binti yetu amekukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea lolote, na kwamba nimempa hamsini na nane.

"Ndiyo hiyo ninayoiuliza."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Kipaza alikuwa kwenye majaribio, na safari yetu ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Wastani wa kila chumba haukuruhusiwa kushuka chini ya themanini. Chumba kimoja kikishuka, huhesabiwa kuwa malalamiko, na aliye majaribioni huachishwa. Nilitazama mlangoni. Kipaza alikuwa akipanga mabegi yetu kwa safu, lakini aliyapanga taratibu mno, nami nikajua anasikia.

Nilimweleza msimamizi kwa utulivu namna ninavyosahihisha. Alisikiliza kwa adabu. Akaniambia kwamba daftari lake halina safu ya namna ninavyosahihisha. Nibadilishe niandike tisini, yaishe.

Kitinda, nilishindwa. Sikumkomoa mtu. Lakini alama si peremende ya kumgawia kila anayenyoosha mkono, na kuandika tisini ambayo siiamini ni kusema uongo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikamwambia hivyo. Hata feni nadhani ilipunguza mwendo.

Wifi yako hakupandisha sauti. Alisema, "Baba watoto, ile haikuwa karatasi ya mtihani. Ni kazi ya mtu." Kisha akafungua mkoba, akamwaga kombe zake juu ya kaunta, akainyoosha fomu yake iliyojaa mchanga. Akaomba kalamu. Hakuomba yangu, aliomba ya msimamizi. Akaandika mia, akapiga mstari chini yake.

Msimamizi alijumlisha, akagawa kwa mbili. Ikawa sabini na tisa.

Sijawahi kuona hesabu rahisi namna ile ikiwaumiza watu wazima wengi kwa pamoja. Mke wa fundi saa alishika kichwa. Dereva alitoka nje akasimama kando ya basi. Fundi saa akaniinamia na kile kidole chake chenye kitambaa.

"Mwalimu, zimepungua mbili tu kwenye yako. Hata saa nzuri husamehewa dakika mbili."

Nikamwambia kwamba kwa mtindo huo ndiyo maana anachelewa. Lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Nilimwita Kipaza. Alikuja akasimama mbele yangu mikono nyuma, kama wanafunzi walivyosimama mbele yangu miaka yote ile. Nikamwuliza kwa nini alirudi gatini alfajiri, ilhali hakuna aliyemtuma.

Alifikiri kwanza. Akasema, "Nimepita pale safari tatu, Mwalimu, nikausifu ule ukuta, kumbe sikuwa nimeutazama. Uliponiuliza, niliona haya. Halafu nikaona hamu."

Haya kwanza, kisha hamu. Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Nilifundisha miaka thelathini na minne nikitafuta jambo hilo moja machoni mwa watoto, nami kwake nililipita nikiwa na yai mdomoni. Na mimi mwenyewe ghuba ile niliichora vibaya nusu ya maisha yangu, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, wala sikwenda kuitazama. Kama angenijibu pale gatini jibu la kubuni, ningelipokea, na pengine ningempa sitini na nane. Alama zile nilizikata mahali pasipofaa. Kosa la msahihishaji husahihishwa na msahihishaji. Hilo si huruma, ni haki.

Nikatoa kalamu nyekundu. Nikasema, ili wote wasikie, "Katika zile kumi za 'sijui', mbili zinarudi." Nikafuta hamsini na nane kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika sitini, nikatia sahihi pembeni.

Fundi saa akauliza, "Na nane je?"

"Nane zinabaki. Mwongozaji humjua mwashi kabla ya wageni kufika."

Kipaza alicheka huku akijifuta macho kwa kiganja. "Hizo nane nitazitafuta msimu ujao, Mwalimu," alisema, "na kipaza nitanunuliwa kingine." Msimamizi akapiga muhuri kwa nguvu iliyotikisa kombe zote juu ya kaunta. Dereva aliitwa arudi ndani. Fundi saa akatangaza kwamba tumechelewa kuondoka na kwamba mara hii si yeye.

Hivyo ndivyo nilivyotoa sitini kwa mara ya kwanza. Nilitazamia nitajuta njiani, kumbe nililala usingizi tangu basi lilipoondoka mpaka tulipofika nyumbani.

Tangu siku hiyo wifi yako amenitia adabu ya namna yake. Jana aliniletea chai, akasimama pale pale na sinia, akauliza ni ngapi. Nikaonja. Nikasema sitini. Akanikumbusha kwamba sitini ni ya Kipaza, na kwamba yeye ana miaka arobaini kazini. Nikaonja tena, kwa haki, nikasema sitini na moja. Leo chai imekuja na mkate wa siagi.

Nisalimie shemeji, umwambie ile miti aliyotupatia imeshika. Waambie mapacha mjomba wao anataka barua iliyoandikwa kwa mkono, si ujumbe wa simu, na kwamba nitaisoma bila kalamu nyekundu. Mfikishie mama mkwe wako heshima zangu. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape kazi isiyochosha roho, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kupanda ngazi.

Kaka yako akupendaye, hata siku ile ya hamsini na moja,

Mwalimu