Simu Niliyoizima Siku Ardhi Ilipotikisika

Mkwe wangu Kemilembe,

Huku kwetu Manga mama wa mume na mama wa mke huitana korera. Neno hilo ulilipenda, ukaniita hivyo hata ulipoomba chumvi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho kati yetu. Chako kilinyooka kama cha redio, changu ni cha darasa la nne na cha sokoni. Mjukuu wangu mkubwa, wa kwa binti yangu, alitaka kuniandikia nikamkatalia, maana angeyalainisha maneno. Nimempa mzee wa kanisa barua hii aisome Sabato mbele ya wote, kwa sababu nilichokifanya nilikifanya mbele ya wote. Na wale waliosema amina siku ile wakae wasikilize. Wasijifanye wana kikohozi wakatoka nje.

Unakumbuka nilipofika kwenu ng'ambo ya ziwa mara ya kwanza, baada ya mwanangu Mokua kumpata binti yako Koku alipokuwa huko akijenga shule. Uliniletea kikapu kidogo cha buni zilizokaushwa, ukapiga goti, ukanipa kwa mikono miwili. Ndivyo mnavyomkaribisha mgeni, atafune. Nikakuambia, "Sisi Wasabato hatugusi kahawa." Mimi huyo, ninayechuma majani ya chai tangu nilipoolewa na kuyanywa asubuhi na jioni. Hukukasirika. Ukatafuna moja ukasema, "Hii yangu." Ukachukua ya pili. "Na hii ya mgeni wangu, asije akarudi kwao hajakaribishwa." Ndugu zako wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka.

Halafu wewe ukaja kwangu, ukakaa siku nne. Nikakuvika gumbuti, viatu vya mpira vya marehemu mume wangu, tukashuka shambani. Ulichuma jani moja moja kama mtu anayetoa chawa. Nikakuambia ukiendelea hivyo gari la majani litatukuta tumezeeka. Ukanijibu, "Korera, nimekuja kuona mwanangu analala wapi. Majani yako sikuja kuyaoa." Siku hiyo nilicheka. Nilijifunika leso usinione, lakini nilicheka. Tulipokaa kupumzika ukanishika mkono ukasema, "Koku ni mwoga wa ngurumo. Zikianza, usimwache peke yake." Nikakujibu kwamba hapa atazoea. Ndivyo ninavyojibu watu.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa Sabato, alasiri, niko benchi langu la mbele. Kwanza nikadhani ni lori linapita. Kisha benchi likanisukuma kutoka chini, kama ng'ombe anayetaka kuinuka. Mabati yakalia. Glasi ya maji ya mhubiri ikatembea yenyewe hadi ukingo wa meza, ikasimama. Watoto wakapiga kelele, wakubwa wakakanyagana mlangoni. Ikaisha kabla sijamaliza kusema Bwana. Hata tofali moja halikudondoka.

Watu waliporudi ndani, kijana mmoja akasoma kwenye simu yake, akasema tetemeko lenyewe limepiga ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, na huku tumepata mkia wake tu. Koku alikuwa nyuma yangu, mimba ya miezi sita. Nikasikia anabonyeza simu.

"Mama, napiga nyumbani mara moja."

"Ni Sabato. Weka simu."

"Mama, huko ni kwetu."

"Mungu wa huku ndiye wa huko. Lete hapa."

Nikanyoosha mkono. Ulimlea vizuri, mkwe, hajui kubishana na mkubwa. Akaiweka kwenye kiganja changu. Nikaizima, nikaitia mkobani, juu ya Biblia.

Hata hapo sikutosheka. Nikasimama kutoa ushuhuda. Nikamshukuru Mungu kwa kutugusa tu akapita, nikasema huko alikokwenda kupiga mimi nimefika, nimewaona kwa macho yangu, wanapika pombe ya ndizi, wanatafuna kahawa mbele ya wageni bila haya. Wakasema amina. Nilipokuwa nikisema hayo nilikuwa naliona goti lako na kile kikapu. Miaka yote ile nilikuwa bado nina kinyongo kwamba ulifanya watu wanicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa injili yangu siku ile.

Jua lilipozama, Sabato ikaisha, nikamrudishia simu. Haikumaliza kuwaka ikaanza kulia. Alikuwa mwanao wa kiume. Nilikuwa nimesimama jikoni na nilimsikia kila neno. Ukuta wa jikoni kwako ulikuangukia. Walikutoa ukiwa hai. Walikulaza nje mgombani, na wewe ukawa unamtaka Koku, unataka tu kusikia sauti yake. Wakapiga, wakapiga tena, na kila mara wakaambiwa simu haipatikani. Ulikata roho jua likiwa bado juu.

Nilitaka kukulaumu, nisikufiche. Ukuta ule wa jikoni nilikuonyesha mwenyewe siku ile nilipokuja. Nilikuambia umeinama, mwite fundi, ukacheka ukasema umeinama tangu wewe ulipoolewa. Ulikuwa mkaidi. Usiku mwingi nimelishika hilo, nikalibana, na asubuhi halinisaidii. Ukuta sikuujenga mimi. Simu niliizima mimi.

Koku hakulia mbele yangu. Aliniuliza, "Iliita mara ngapi mkobani?"

Nikamwambia ilikuwa imezimwa, haikuita hata mara moja.

Akasema, "Kwa hiyo ulikaa kwa amani."

Alikuja huko kukuzika, akarudi kwa ajili ya mumewe. Ananisalimia. Chakula ananipa, tena cha moto. Lakini neno Mama amelitoa kinywani. Husema "chai iko tayari" kama mtu anayeiambia meza.

Mtoto akazaliwa, msichana. Unajua desturi yetu, nilikueleza tukichuma majani: mtoto hurithi jina la mtu aliyekufa, wa kwanza hupewa la upande wa mume, na mama wa mume ndiye hulitamka. Jina la mama mkwe wangu nilikuwa nimeliweka tangu Mokua akiwa shuleni. Nikaliacha. Nikajiona nimefanya jambo kubwa sana. Nikafunga leso mpya, nikaingia chumbani, nikanyoosha mikono kumpokea, nikasema, "Huyu ni Kemilembe."

Koku hakumwachia. Akasema polepole, bila kuniangalia, "Jina analo, na ni hilo hilo. Nilimpa mwenyewe alipotoka tumboni. Halikuwa na haja ya kupita kinywani mwako."

Mokua akafungua mdomo amkaripie mkewe. Nikamwambia, "Nyamaza. Anasema kweli." Katika nyumba yangu sijawahi kusema hivyo kwa mtu yeyote. Nikashusha mikono, nikatoka.

Sikuandikii unisamehe. Tunafundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote, na mimi naamini, kwa hiyo najua hunisikii. Walio hai ndio wasikie. Nilishukuru kwa kifo cha mwenzangu kabla sijajua ni chake, na kama kingekuwa cha mwingine ningelala vizuri hadi leo. Hilo ndilo linanitia aibu kuliko yote. Koku atakuwa amekaa barua ikisomwa. Akitaka kutoka atoke, na nisimwone mtu akimvuta sketi.

Mtoto ana miezi mitatu. Paji la uso ni lako, pana, la kubishana. Bado sijamshika, na sijaomba. Naanika nguo zake, naanua, nakunja, naweka mlangoni kwao, naondoka. Jana mawingu yalishuka kutoka mlimani mimi niko kwenye mboga, sikuyaona. Koku akaita kutoka ndani, "Nguo za mtoto zinalowa." Hakutaja jina la mtu. Mokua alikuwa amekwenda kazini, nyumbani tulikuwa sisi tu. Nilikimbia, mkwe, na magoti haya.

Lala, korera.

Mimi mwenzako wa Manga,
mama yake Mokua.