Ile 359 Uliyosema Nikuachie

Kaka yangu Shaibu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijazoea kuanza nawe bila shikamoo.

Ile namba yako imetokea tena ukutani. Mama alipaka jiko zima chokaa kabla ya Idi, akarudia mara ya pili, na mvua za masika zilipoingia, hiyo hapo: 131071, nyeusi kama siku ulipoiandika kwa kijiti ulichochovya kwenye mafuta ya maganda ya korosho. Mama aliitazama akasema, "Huyu mtoto hataki kufutwa." Kisha akakaa chini akalia.

Siku ile mafuta yalikuunguza kidole, ukajitia hayaumi kwa kuwa nilikuwa nakutazama. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, na hapa Mchinga hukuwa na wa kumwonyesha hesabu zako ila mimi. "Chukua moja, Somoe. Iongeze maradufu mara kumi na saba, halafu utoe moja. Unapata namba tasa." Ukanieleza kwamba haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe, ukijaribu namba nyingine yoyote, lazima kitu kibaki. Nikakubishia. Mimi na ubishi tumezaliwa siku moja.

"Basi gawa mwenyewe," ukasema.

Tukagawa, kwa mkaa, sakafuni, huku tukibangua korosho. Ulinifundisha kwamba tujaribu namba tasa tu, na kwamba hakuna haja ya kupita 362, kwa sababu kigawanyo kikubwa kuliko hapo kina mwenzake mdogo, na huyo mdogo tungekuwa tumeshakutana naye. Saba ikabakiza tatu. Kumi na moja ikabakiza sita. Kila nilipodhani nimekubamba, kitu kilibaki, nawe ukacheka kwa meno yako yote.

Wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kumiminika, mmoja akakuchukua uwe karani wake. Siku mnaondoka ilikuwa imebaki tasa moja tu ya kujaribu, 359. Nikataka kuigawa palepale. "Hiyo niachie," ukasema toka juu ya magunia ya lori. "Nikirudi naimaliza."

Tulisikia mmevuka Rufiji. Baada ya hapo hatukusikia kitu. Wapo wanaosema wamekuona Dar, wapo wanaosema uko Afrika Kusini. Mimi niliiacha 359 mahali pake, nikajiambia mtu hawezi kufa akiwa na hesabu aliyoahidi kuimaliza. Usinicheke. Kuna siku niko peke yangu jikoni nasikia mkaa ukikwaruza sakafu nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Naogopa, halafu naumia kwamba umeacha.

Sasa Mama amechoka. Anataka tukuswalie sala ya ghaibu na tukusomee hitima, lakini kasema hafanyi mpaka mimi niridhie, maana tumebaki sisi wawili. "Mwanangu, kama amekufa, tunamnyima dua." Hilo sikuwa na ubishi nalo.

Leo asubuhi nimeigawa, kaka. Nilikaa palepale ulipokuwa ukikaa. Nilikuwa naomba igawanyike, uwe umekosea, kwa sababu nakujua: ungetoka popote ulipo uje ubishe.

Imebaki 36. Ni tasa. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nimemwambia Mama anunue ubani. Hitima ni Ijumaa. Ukuta huo sitauruhusu upakwe chokaa tena.

Na kama uko hai, Shaibu, njoo unigombeze kwa kugusa hesabu yako.

Ni mimi, mdogo wako mbishi