Namwonea Wivu Mama Bakari

Kaka Issa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Bakari amehukumiwa kunyongwa, kwa lile panga alilokukata mlipogombania mikorosho ya kule mahame, kijiji chetu cha zamani tulichohamishwa wakati wa Operesheni ya vijiji. Niliposikia nilifurahi, sikufichi. Namwonea wivu mama yake. Kila akienda kumwona gerezani huchimba mizizi ya ming'oko porini, huichemsha, huifunga kwenye kitambaa, kisha hupita mlangoni kwetu kwenda kupanda basi. Ming'oko, kaka! Wewe uliyekuwa ukiila yote na kunisukumia maganda: "Haya Zuhura, na wewe shiba." Nikasema wamnyonge tu, mama yake naye abaki mikono mitupu kama mimi.

Juzi akaja katibu wa kijiji. Wanamwombea Bakari kwa Rais, apewe kifungo cha maisha badala ya kamba, na neno la ndugu wa marehemu lina uzito. Baba na mama hawapo, kwa hiyo neno ni langu. Nikamjibu siandiki. Na kuandika najua sasa, nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima.

Jana nilimkuta Mama Bakari bondeni kwenye maji. Pale unajua hakuna anayejitwisha mwenyewe, hata kama mmegombana. Nikamtwisha, akashika ndoo yangu kwa mkono mmoja anitwishe, akaniambia, "Mwanangu, anayenyongwa harudishwi. Wanamzika hukohuko. Wewe una pa kufagia."

Kumbe naye ananionea wivu. Mimi! Kwa tuta la kaburi lako!

Nilipanda mlima na hasira, maji yakanimwagikia mgongo mzima. Bakari sijamsamehe. Mama yake akipita tena na ming'oko nitafunga mlango nisimwone. Lakini asubuhi hii nimeandika, herufi zimelala ovyo: "Mimi Zuhura, mdogo wake marehemu Issa, nasema asinyongwe. Akae gerezani mpaka afe." Nimelia nikiandika, na sijui kama nilikuwa namlilia Bakari au wewe. Usinikasirikie, kaka. Leo nampelekea katibu.

Pumzika. Ijumaa nitakuja kufagia kwako, nakuahidi, na kila Ijumaa nitakayokuwa na nguvu. Nitakuja na ming'oko. Nitaila yote mimi, na maganda nitakuachia wewe.

Mdogo wako,
Zuhura